Mke wangu ameona karatasi ya forodha. Je, niiuze saa yangu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mume mwenye miaka 38, baba wa watoto wawili, naishi Tanga na nafanya kazi ya uhasibu katika kampuni ya usafirishaji. Safu yako naisoma siku nyingi kimyakimya. Leo nimebanwa, nakuja mwenyewe.

Tangu ujana napenda saa za mkononi, zile za springi ambazo ukiziweka sikioni unasikia zinafanya kazi. Mwaka juzi nilikutana mtandaoni na warsha ndogo ya Uholanzi, watu wawili tu, mume na mke. Wanatengeneza saa chache kwa mwaka. Kasha ni la chuma kisichoshika kutu kilichoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu, mkanda ni wa ngozi iliyolainishwa kwa dawa ya magome ya miti, boksi halina plastiki hata kidogo, na wanaahidi kuitengeneza saa yako maadamu warsha ipo. Shangazi, kazini kwangu kila wiki yanapita makontena ya vitu vipya ambavyo naviona jalalani kabla mwaka haujaisha. Nikasema moyoni, walau mara moja na mimi ninunue kitu ambacho sitakitupa. Nikaanza kuweka posho zangu za safari.

Bei ilikuwa Sh 1,300,000, kodi bado. Mke wangu nilimwambia laki moja na nusu.

Sasa mambo yameharibika kwa mpigo. Nilipokwenda kuchukua mzigo nikadaiwa ushuru na VAT, vitu ambavyo sikuvipigia hesabu, mimi mhasibu! Karatasi ya forodha nikaisahau kwenye mfuko wa shati, na mke wangu akaikuta wakati wa kufua. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe hela zipo," akaendelea kufua. Tangu siku hiyo ananijibu "ndiyo", "hapana" na "sawa". Najua kinachomuuma. Alikuwa ameomba friza auze barafu na juisi hapo nyumbani, nikamwambia asubiri mwakani, hali ngumu.

Na hiyo saa yenyewe inanitia aibu. Kila siku inawahi kama sekunde 25. Nikiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi naikuta imelala. Mkanda ulikuja na rangi ya asali, sasa ndani umekuwa mweusi na unanuka jasho. Juzi kwenye harusi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinicheka mbele za watu. Yeye anavaa saa ya "dhahabu" ya Sh 25,000. Akasema, "Milioni na ushee, na bado haijui ni saa ngapi!" Halafu akachukua simu akanionyesha kwamba mashine iliyo ndani ni ya Seiko ya Japani, NH35, na inauzwa peke yake kwa bei ya kawaida kabisa. Mimi nilidhani wale Waholanzi wanaitengeneza wenyewe. Nilitamani kuzama ardhini.

Nimewaandikia wenye warsha. Wamenijibu kwa upole kwamba niwarudishie waiangalie, lakini kuituma ni pesa nyingine, na naogopa ikirudi nitatozwa ushuru upya. Fundi mmoja hapa sokoni ananiambia nimwachie asubuhi, jioni nichukue ikiwa nzima.

Nimepigwa, Shangazi? Hayo ya kutunza mazingira ni kweli au ni maneno ya biashara? Nimpe fundi? Au niiuze nikanunue friza nipate amani?

Mume wa Siri, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na saa, maana kati ya wagonjwa wawili ulioniletea yeye ndiye mwenye homa ndogo. Marehemu baba yangu alikuwa fundi saa Unguja na sisi watoto tulikulia chini ya meza yake tukitafuta skrubu zilizodondoka. Kwa hiyo nisamehe kama nimetabasamu kwenye hizo sekunde 25.

Siku nzima ina sekunde 86,400. Saa yako inakosea 25 katika hizo, hata tatu kwa kila elfu kumi hazitimii. Mtengenezaji wa NH35 anaihesabu mashine hiyo kuwa nzima ikiwa inachelewa hadi sekunde 20 kwa siku au inawahi hadi sekunde 40. Yako ni nzima. Ile ya shemeji yako inaipita yako kwa sababu ndani yake mna kijiwe cha kwatsi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde moja, wakati kigurudumu cha yako kinapiga mara sita tu. Ndiyo maana saa ya betri, hata ya bei ya chini, hukosea sekunde kumi na tano au ishirini kwa mwezi mzima. Mchezo huo uliisha tarehe 25 Desemba 1969, pale Seiko ilipotoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuuzwa madukani, kwa yen 450,000. Tangu hapo anayenunua saa ya springi ili awe na muda sahihi kuliko wenzake amekosea duka. Wewe umeniambia mwenyewe kwamba unapenda kuisikia sikioni. Basi hicho ndicho ulichonunua, na unacho.

Hata hivyo sekunde 25 zinapunguzika. Pembeni ya kile kigurudumu kuna kijiti kidogo sana cha kurekebishia mwendo, na fundi mwenye kifaa cha kupimia anaweza kuishusha hadi sekunde tano au kumi. Ni kazi ya muda mfupi. Cha kuogopa ni ikianza ghafla kuwahi kwa dakika nzima nzima. Hapo shuku sumaku, na sumaku siku hizi zimejaa kwenye makava ya simu, spika na vifungo vya mikoba. Kifaa cha kuondoa sumaku ni cha bei ndogo, na mafundi wengi wanacho.

Kulala kwake Jumatatu nako si ugonjwa. Springi ikijaa inashikilia kama saa 41. Ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumapili karibu saa tano asubuhi imemaliza. Inajijaza kwa mkono wako unavyotembea, mkono usipokuwepo haina wa kumlaumu. Ivae na Jumamosi, hakuna sheria inayokataza, au zungusha kile kifundo cha pembeni mara ishirini au thelathini kabla ya kulala. Tarehe usiibadilishe mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu wakati huo meno ya kubadilisha tarehe yameshashikana na ukilazimisha utavunja jino. Wengi wanaharibu saa zao hapo.

Sasa hiyo aibu ya Japani. Shemeji yako amesema kweli, ila hajui amesema nini. Watu wawili katika warsha hawatengenezi springi, vijiwe na magurudumu ya mashine wenyewe. Wapo mabwana wa kazi hiyo duniani wanaofanya hivyo, na saa zao bei yake ungeweza kununulia nyumba. Wengine wote wadogo wananunua mashine: Uswisi wananunua kwa ETA au Sellita, na nje ya huko wengi wananunua kwa Seiko au kwa Miyota, ambayo ni ya Citizen. Hata yale maandishi ya "Swiss Made", tangu mwaka 2017 sheria ya Uswisi inadai angalau 60% ya gharama za utengenezaji wa saa zitumike ndani ya nchi. Haidai kila kitu. Waholanzi wako wamebuni uso na kasha, wakaunganisha, wakarekebisha, wakapima. Rudi ukasome upya maelezo yao ya siku ile. Kama waliandika kwamba mashine ni yao, wamekudanganya na una haki ya kuwadai. Kama waliandika NH35, basi wewe ndiye uliyeruka mstari.

Na hiyo mashine ya kawaida ndiyo bahati yako kubwa, tena sikutanii. NH35 ni pacha wa mashine ambayo Seiko wenyewe wanaiita 4R35, na ukoo wake ni ule ule wa Seiko 5, saa iliyoanza kutoka mwaka 1963 na ambayo baba zetu waliivaa mpaka kioo kikawa kama barafu. Fundi yeyote aliyezeekea kwenye Seiko 5 ataifungua yako akutane na jamaa anayemfahamu. Umeniambia wale wenye warsha wameahidi kukutengenezea maadamu warsha ipo. Naamini wanamaanisha. Lakini warsha ya mume na mke ni watu wawili: wataugua, watazeeka, wanaweza kuachana. Siku hiyo ikifika, saa yenye mashine waliyoitengeneza wenyewe ingekuwa yatima. Yako itakuwa na vipuri.

Hapo ndipo ninapoingia kwenye swali lako la mazingira, na nitakujibu bila kukubembeleza.

Kwanza chuma. Kusema kasha limetokana na chuma chakavu kunaweza kuwa kweli kabisa, na bado kuwa jambo dogo, kwa sababu viwanda vya chuma kisichoshika kutu vimekuwa vikiyeyusha chakavu siku zote, ni biashara yao. Isitoshe kasha la saa ni gramu chache. Sinia moja la stenlesi jikoni kwenu lina chuma kingi kuliko saa yako na boksi lake. Wapo waliobeba wazo hilo kwa uzito zaidi. ID Genève ya Uswisi, iliyoanza mwaka 2020, imejijenga juu ya chuma kilichorejelezwa, na Triwa ya Sweden ilitengeneza saa za chuma kilichoyeyushwa kutoka kwenye bunduki haramu zilizokamatwa El Salvador. Hizo za bunduki nakiri zinanivutia, ingawa kinachonivutia ni bunduki kupungua, hayo ya chuma yanafuata nyuma.

Faida kubwa zaidi iko kwenye kile ambacho saa yako haina. Haina dhahabu. Muulize mtu yeyote aliyekaa karibu na wachimbaji wadogo wa Geita jinsi zebaki inavyotumika kushika chembe za dhahabu, halafu mchanganyiko unachomwa motoni na moshi unavutwa na waliopo, mpaka watoto. Dunia imeweka mkataba juu ya zebaki, ule wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, na bado kazi haijaisha. Saa kubwa ya dhahabu ambayo mwenye nayo hawezi kukuambia dhahabu ilitoka wapi inanitia wasiwasi kuliko boksi la plastiki. (Ya shemeji yako haina dhambi hiyo. Dhahabu haimo.)

Lakini kama ungeniuliza kabla ya kununua, "Shangazi, nataka saa ambayo haiumizi dunia, basi," nisingekupeleka Uholanzi. Ningekuambia chukua Seiko kuukuu ya mzee wako ukaifanyie usafi, maana imeshatengenezwa na hakuna tena cha kuchimba. Au vaa Casio F-91W, ambayo ipo tangu 1989, kasha na mkanda ni plastiki, na mtengenezaji wake anasema betri moja inakaa miaka saba. Wanaojua haya hawapendi kuyasema wanapouza saa za laki kumi na tatu. Usafiri wa ndege uliokuletea mzigo wako peke yake unakula sehemu ya ule wema wa boksi la karatasi.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba ulifanya sadaka kwa ajili ya bahari na misitu. Ulinunua kitu kizuri kutoka kwa watu ambao unaweza kuwaandikia wakakujibu, na kinachoweza kudumu. Hayo yanatosha kuwa sababu. Na kudumu kwenyewe hakuko Uholanzi, kuko kwako. Ukiivaa miaka mitano ukaitupa droo, yote waliyoandika kwenye tovuti yao yamekuwa uongo, hata kama siku ya kuuza yalikuwa kweli. Mwanao wa kwanza akija kuivaa na yeye, wataonekana walisema kweli.

Jambo moja la kuwauliza: saa ikifika kwao kwa matengenezo wanafanya nini hasa? Ulaya saa moja ya kazi ya fundi ni ghali, na NH35 mpya ni rahisi, kwa hiyo wengi wanang'oa mashine ya zamani wanaweka mpya, ya zamani inakwenda kwenye pipa. Wakikujibu hivyo usiwachukie, hesabu yao ndiyo hiyo. Ila utaona mwenyewe kichekesho chake: saa iliyonunuliwa ili isitupwe, inatupwa moyo wake kila baada ya miaka kadhaa. Fundi wa kwetu mwenye subira anaweza kuifungua yote, kuisafisha na kuitia mafuta mapya kwa gharama ambayo kwao haiwezekani.

Nimesema mwenye subira. Yule wa asubuhi hadi jioni simjui na simhukumu, lakini muulize maswali mawili kabla hujaivua mkononi. Unasafishia nini, na unatia mafuta gani? Akikuambia petroli na mafuta ya cherehani, mshukuru, mpe hela ya chai, uondoke. Mafuta ya cherehani yanasambaa, yanaganda, yanashika vumbi, na mashine ya saa inahitaji aina zaidi ya moja ya mafuta kwa sehemu tofauti, tena tone dogo kuliko kichwa cha sindano. Tazama na mikono yake. Anatumia funguo maalumu kufungua mgongo wa saa au anachokonoa kwa bisibisi na kuacha mikwaruzo? Mashine iliyo wazi anaifunika kwa kikombe au inalala mezani ikipokea vumbi la barabara? Anakuambia atabadilisha raba ya kuzuia maji? Tanga ni mji wa bahari, hewa yenyewe ina chumvi. Raba iliyochoka itaingiza unyevu, na unyevu ndani ya mashine ya chuma unajua mwisho wake. Baba alikuwa akimwambia mteja arudi baada ya wiki. Wengi walinung'unika na wote walirudi.

Wala usiifungue sasa. Saa mpya inayokwenda vizuri haihitaji usafi mpaka kama mwaka wa tano hivi. Ukitaka marekebisho ya mwendo tu, tafuta mwenye kifaa cha kupimia, basi.

Ukiamua kuituma Uholanzi siku moja, kwanza soma masharti yao ya dhamana, maana fundi wa kwetu akishaifungua huenda wakaikataa. Halafu usiipeleke posta kimyakimya. Nenda forodha kabla ya kutuma, onyesha saa, namba yake ya mgongoni, barua ya warsha inayosema inakwenda kwa matengenezo, na ile karatasi uliyolipia ushuru mara ya kwanza. Waandike kwamba inatoka na itarudi. Ikirudi bila rekodi hiyo, afisa wa dirishani anaona mzigo mpya kutoka ng'ambo, na atakutoza kama mzigo mpya. Kwa hiyo, karatasi ile iliyokuumbua itafute, uitunze.

Mkanda nitaupitia haraka. Ngozi iliyolainishwa kwa magome ni ngozi nzuri, na sisi tuna sehemu yetu katika hadithi hiyo: miti ya miwati ya Njombe ilipandwa kuanzia mwaka 1949 kwa ajili ya dawa hiyo hiyo ya ngozi. Lakini ngozi hiyo inakunywa jasho, na joto la Tanga halina huruma. Ivue, ianike kivulini, ihifadhi kwa safari za Lushoto. Mkononi weka mkanda wa nailoni unaofulika kwa sabuni. Pima nafasi kati ya pembe za kasha, kama ni milimita 20 utapata popote, na fundi viatu mzuri anaweza kukushonea wa turubai kwa hela ndogo.

Kuiuza? Hapana. Jina la warsha ya watu wawili hapo Tanga hakuna anayelijua, atakayekupa nusu ya bei utakuwa umemwonea. Utapoteza saa, friza utapata robo, na mkeo atajua umeiuza kwa kumkasirikia yeye. Hiyo ni kesi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Ndiyo, sasa mkeo.

Alichosema mwanamke huyu ni maneno matatu, "Kumbe hela zipo," na wewe umeyasikia kana kwamba anazungumzia saa. Anazungumzia friza. Alikuja kwako na mpango wa biashara, si pambo, mpango ambao ungeingiza senti nyumbani kila siku ya jua, na Tanga jua halikosi. Ukamwambia hali ngumu. Akakubali, akaamini, labda akajibana na kwingine ambako hujui. Kisha akasoma kwenye karatasi ya serikali kwamba hali haikuwa ngumu. Wewe umeniandikia aya nzima juu ya sekunde na mistari michache juu yake. Ningekuwa mkeo hata "sawa" nisingekupa.

Kupenda saa si kosa. Posho zilikuwa jasho lako na mwanamume ana haki ya kitu kimoja anachokipenda, kama mke alivyo na haki hiyo. Lakini ulitaja laki moja na nusu kwa sababu ulijua bei yenyewe ingezaa swali, na swali hilo lilikuwa haki yake kuuliza. Hapo huna utetezi, usitafute. Usimweleze habari za chuma chakavu wala warsha ya Uholanzi. Akitaka kujua atauliza. Usimnunulie kanga ya kumnyamazisha.

Kaa naye watoto wakishalala. Mtajie bei ya saa, ushuru, na gharama ya kusafirisha, jumla yake, kwa mdomo wako, hata kama ameshaisoma. Mwambie ulimficha kwa sababu ulijua atakukumbusha friza. Maneno hayo yatakuwasha ukiyatoa, na ndiyo atakayoyaamini. Halafu weka mezani jambo la kuonekana. Umeshathibitisha kwamba unaweza kuweka posho za safari bila kuzigusa mpaka zikafika milioni na ushee. Uwezo huo unao, hakuna wa kukupinga. Kuanzia safari ijayo posho zote zinakwenda kwenye friza, zinaingia kwenye namba yake ya simu siku ile ile unayolipwa, na yeye ndiye anayechagua friza ya lita ngapi na dukani kwa nani. Mwakani uliyomwahidi usiingoje. Kama posho zitachelewa, kopa kazini, uhasibu wako ufanye kazi ya nyumbani kwa mara moja.

Shemeji usimjibu hadharani. Harusi nyingine ikija vaa saa yako, akianza tena mwulize yake inatumia betri namba ngapi, uone kama anajua.

Na ukishamaliza kusema na mkeo usiku huo, huenda akakuuliza swali moja, kama kuna kingine ulichomficha. Kama kipo, mtajie usiku huo huo, kabla hajakikuta mfukoni.

Shangazi